Kibuyu cha Masisi Kilipofika Goma

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilifungua kibuyu changu cha maziwa na harufu ikanifanya nigeuze uso. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa, nimeletwa Goma kutoka milima ya Masisi, wakati Wabelgiji bado wako. Mama alinipa kibuyu hicho kikiwa na mabaki ya mtindi wake chini. Mabaki hayo tuliyaita mbegu, kwa kuwa ukiyamiminia maziwa mapya yanayagandisha. Mama naye aliyapata kwa mama yake.

Kwetu bibi arusi alikaa ndani kwanza, hafanyi kazi, hadi wazazi wake waje kumtoa. Siku hiyo baba mkwe angeonja maziwa ya kibuyu chake mbele ya wote. Basi mimi chumbani na kibuyu changu, na kila nikikifungua ni maji juu, mabonge chini, na ukali wa kukwaruza koo. Kule Masisi yaliganda polepole kwenye baridi, yakawa laini. Niliona nitamwaibisha mama yangu, nikalia. Nilikuwa mwepesi wa kulia siku zile, usinicheke.

Mama mkwe alinikuta nimeinamisha kibuyu, nataka kumwaga kila kitu.

"Acha, mutoto wangu! Usimwange yote." Akaonja, akakunja uso. "Hii mbegu iko mugeni, sawa vile wewe. Ilizoea baridi ya kwenu. Hapa joto inaikimbiza."

"Na kama haizoee, mama?"

"Itazoea. Na wewe utazoea."

Akanionyesha nibakize kidogo tu, niongeze maziwa machache, niweke kibuyu nyuma ya mtungi wa maji penye ubaridi, nionje mapema. Kila yalipotoka afadhali, hayo ndiyo tuliyobakiza kuwa mbegu. Taratibu ukali ukapungua.

Wazazi wangu walipokuja, baba mkwe alionja, akaonja tena, kisha akampa baba yangu. Mama alionja mwisho, akanitazama.

"Hii haiko tena yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini iko mutamu."

Mjukuu wangu muuguzi ananiambia kwamba ndani ya mbegu mna mikrobe, vijidudu hai visivyoonekana. Vinavyoweza joto hubaki na kuzaana, visivyoweza hufa. Namwambia sawa, ndivyo tulivyokuwa tukivilisha.

Nawe kesho unaondoka, mwanangu. Siku za kwanza huko utachacha, nakuambia mapema. Usitupe yote uliyopewa nyumbani kwa sababu ya wiki moja mbaya. Bakiza kidogo, ukilishe kila siku kwa kile utakachokikuta huko, na uwe na subira. Ukirudi na ladha nyingine sitakugombeza, nitaonja mara mbili.

Mungu akutangulie, na huko uendako akupe mtu wa kukushika mkono akuambie usimwage yote.