Mbuzi Waliolamba Udongo wa Lokichar

Akeno alikuwa mlinzi wa uzio karibu na Lokichar, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Ndani ya uzio kulikuwa na udongo uliomwagikiwa mafuta ghafi ya kisima cha petroli. Jerotich, mtaalamu kutoka Lodwar, aliunyunyizia vijidudu vya maabara ili viyale mafuta hayo, poda nyeusi ya kunasa sumu, na mbolea ya kuvipa vijidudu nguvu. Akeno ndiye aliyewaeleza majirani. "Vinakula mafuta, basi, msiogope," aliwaambia kwa madaha, utadhani kavizaa yeye.

Kiangazi kikakaza, mbuzi wake wakabaki mifupa. Siku moja Akeno akaona udongo ule umeota weupe juu. Mfugaji gani asiyejua kwamba weupe ni chumvi, na chumvi humrudishia mbuzi nguvu? Akafungua lango, mara moja tu, mbuzi wakalambe.

Asubuhi mbuzi wawili walikuwa wamekufa, matumbo yamevimba. Wa tatu alichinjwa akitokwa na povu, na nyama ikagawiwa boma kwa boma, maana kwao hakuna anayekula peke yake. Kumbe maziwa ya huyo wa tatu yalikuwa yameshanywewa na mjukuu wa Akeno, Nakeno, wa miaka miwili.

Hapo Akeno akaingiwa na woga. Vijidudu vinakula mafuta, na mtoto amelishwa mafuta ya kondoo tangu azaliwe! Akambinya paja, akaona limepungua. Akabinya tena. Akampigia Jerotich simu, akamweleza mbuzi walivyolamba ule weupe na mtoto alivyokunywa maziwa.

"Madam, ile wadudu yako itakula mtoto yangu?"

"Hapana, mama," Jerotich akajibu. "Hao bila mafuta ya kisima wanakufa. Ule weupe ni mbolea, ndiyo iliyoua mbuzi. Mtoto anatapika?"

"Hapana. Anacheza."

"Mlete Lodwar leo tumwangalie. Lakini ile poda nyeusi, mama, sijui itamfanya nini mtu akiila. Nyama mmeifukia?"

Akeno akageuka kutazama. Moshi ulikuwa ukipanda kila boma. Akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia hadi kwa jirani yake Nakaale, mwenye mimba ya miezi minane. Alimkuta anatafuna.

"Ejok, Akeno!" Nakaale akamsalimia. "Huyu mbuzi alikuwa na ugonjwa gani?"

Akeno alitamani ardhi immeze.

"Ni mimi nilifungua lango," akasema. "Tema hiyo nyama, Nakaale. Tema."