Leso Juu ya Skrini

Binti yangu alipoileta ile diski dukani aliiweka juu ya kaunta, akaifunika kwa kiganja kana kwamba itaruka, akasema, "Baba, hizi ni za wanawake."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini hujanitazama. Nitazame. Hizi ni za wanawake."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa wa mama yake akinikumbusha jambo ambalo tayari nilikuwa nimeshalisahau.

Duka langu liko Magogoni, kando ya barabara wanayopita malori ya mawe yatokayo Mwakirunge. Kila lori likipita vumbi huingia, nami hushika kitambaa nikaifuta kompyuta, kisha likapita jingine. Miaka mingi nilipiga video za harusi kwa kamera ya kanda. Siku hizi mgongo haukubali kusimama, kwa hiyo apigaye ni binti yangu, tena kwa kamera ya sinema, na mimi nimebaki na kazi ya kugeuza.

Kugeuza kwenyewe ni hivi. Kamera hiyo haifanyi kama simu. Huhifadhi kila kilichoingia kwenye lenzi, bila kupunguza wala kupamba, na zitokazo huitwa picha ghafi. Ukizifungua ni za kijivu, zimefifia, utadhani zilipigwa ndani ya moshi wa jikoni, na uzito wake ni balaa. Laptopu ya binti yangu ikijaribu kuzicheza huganda pale pale. Lazima zipite kwanza kwenye kompyuta yangu kubwa, zibanwe, ziwe nyepesi, ndipo yeye aweze kuzikata na kuziunga. Watu wakiniuliza huwaambia ni kama nazi ya makumbi: huikuni mpaka uifue, na mwenye kifuo cha kuifulia ni mimi. Nikisema hivyo huonekana nina kazi ya maana. Ukweli ni kwamba nabonyeza, nangoja, feni inalia, stima inapotea, naanza tena mwanzo.

Bibi harusi alikuwa mtoto wa jirani yangu. Nyumba yao na duka langu zinagawana ukuta. Za wanaume, za nikaha msikitini, nilikuwa nimeshazigeuza asubuhi ile. Hizi alizoleta binti yangu zilikuwa za usiku wa kupamba bibi harusi, na kupamba huku kwetu hakuna mwanamume. Simu huachwa mlangoni. Mpiga video huwa mwanamke, na zinazopigwa hubaki za wanawake. Sasa mashine yenye nguvu ya kuzibana ilikuwa yangu, na binti yangu alikuwa anakwenda kupiga harusi nyingine Changamwe. Mama wa bibi harusi akaja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Kaka, wewe nakuamini," alisema. "Macho yako ndiyo siyaamini."

"Macho yenyewe yana ukungu, dada."

"Hata hivyo."

Akaingia na leso ya kujitanda mkononi, akaitandika juu ya skrini yangu, akaibana kwa vibanio vya nguo. Akaacha uwazi mwembamba kule chini tu, pale panapopita kimstari kinachoonyesha kazi imefika wapi. Akarudi nyuma, akaitazama kama mtu aliyetundika pazia, akaridhika.

"Na usichelewe," aliniambia. "Mama anazingoja kuliko bibi harusi mwenyewe."

Hilo nililijua. Mama yake, bibi yake bibi harusi, alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na siku zote za harusi alilala chumba cha nyuma, hainuki. Naye ndiye aliyekuwa akiongoza vugo, ngoma ya harusi ya wanawake wanaoimba wakigonga pembe za nyati, katika Kisauni nzima. Hakukuwa na harusi aliyokosa kugonga pembe, na hii ya mjukuu wake ndiyo aliyoikosa. Basi wenzake, wakongwe walioimba naye tangu ujana, walikwenda ukumbini wakaimba kwa niaba yake, na wakimaliza kila mmoja akasogea mbele ya kamera akamtumia salamu kwa jina. Bibi harusi alikuwa anasafiri na mumewe kwenda Maskati. Bibi kizee alitaka jambo moja: kuzitazama picha zile mjukuu akiwa bado ameketi kitandani pake.

Kabla ya kuondoka, binti yangu alinielekeza. "Ukimaliza faili ya kwanza, vaa spika za masikioni usikilize kidogo. Usiangalie. Ukisikia pembe zinagongwa, mambo sawa."

"Nisikilize wanawake kwa kujificha?"

"Kujificha wapi, baba? Bibi harusi mwenyewe amesema kusikia ruhusa. Mtaa mzima ulisikia."

"Mimi nilikuwa kwenye kazi hii kabla hujazaliwa."

"Kabla sijazaliwa ulikuwa unapuliza kanda vumbi," alisema, akachukua begi lake akaenda zake.

Maneno yale yalinikera. Nikaziweka spika za masikioni kwenye droo, nikaifunga droo. Nikajiambia kwamba mtu mwenye haya hasikilizi shughuli isiyo yake, na kwamba mtoto hana la kunifunza. La kwanza nililisema kwa sauti, dukani peke yangu. La pili ndilo lililokuwa moyoni.

Nikabonyeza kitufe cha kuanza kwenye kibodi. Kimstari kikaanza kujaa chini ya leso. Stima ikapotea, nikaanza upya. Lori likapiga honi, mteja akaja kutaka picha ya pasipoti nikamwambia arudi, stima ikapotea tena. Nilitukana watu wa stima, watu wa malori na mtu aliyebuni picha ghafi, popote alipo. Safari ya mwisho kimstari kilikwenda mbio kiasi cha kunifurahisha. Nikadhani leo mashine imeniheshimu.

Binti yangu aliporudi alitaka diski ile ile apate pa kuweka harusi ya Changamwe. Diski yangu nyingine ilikuwa imejaa. Ilijaa harusi za zamani nilizozitoa kwenye kanda, ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Maharusi wengine wameshaachana, wengine wana wajukuu. Binti yangu aliniomba mara nyingi niziondoe, nami nikamjibu kila mara kwamba ni kumbukumbu. Basi nikafanya lililokuwa jepesi. Nikainua pindo la leso kiasi cha kuona majina ya faili, nikafuta picha ghafi za kupamba, nikamwaga na debe la taka la kompyuta, nikampa diski tupu. "Tayari," nikamwambia. Akanishukuru, maskini, akaijaza harusi ya Changamwe juu yake.

Siku ya pili yake alikuwa ameketi nyuma ya duka na laptopu, mgongo wake ukutani ili nisione.

"Baba."

"Naam."

"Spika yangu imekufa?"

"Nitajuaje ya kwako?"

Akacheza wimbo mwingine. Spika ikaimba vizuri. Nikasikia vidole vyake tu, anafungua faili moja, anafunga, anafungua nyingine.

"Baba, uliweka tiki ya sauti?"

Nilikwenda kwenye kompyuta yangu nikavuta leso. Vibanio vikaruka. Katikati kabisa ya skrini, pale leso ilipofunika, palikuwa na kisanduku kilichoandikwa sauti, kitupu. Ni mimi niliyekiondolea tiki. Sauti ya nikaha hurekodiwa kwa chombo kingine, mfukoni mwa bwana harusi, kwa hiyo picha za wanaume nilizibana bila sauti ziwe nyepesi zaidi. Programu ikakumbuka. Mimi sikukumbuka.

"Picha ghafi ziko wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

Nikaanza. Nikailaumu programu kwa kutouliza. Nikalaumu stima. Nikailaumu leso, nikasema mtu gani anafanya kazi amefunikiwa mashine kama maiti, nikasema nimefungwa macho halafu naulizwa njia.

"Leso haikuziba masikio," alisema binti yangu, taratibu, bila kuinua uso.

Desturi haina kosa hapa. Wenye desturi walishanipa ruhusa ya kusikiliza, na dakika moja ya kusikiliza ingetosha. Nilijifanya mwenye haya kuliko wenye harusi, kwa kuwa tu aliyenielekeza nilimlea mwenyewe. Na nilifuta harusi ya jirani ili nibaki na harusi za watu nisiojua walipo.

Binti yangu alitaka kwenda kusema yeye. Nikamwambia hapana. Nikavaa kofia, nikazunguka ukuta, nikabisha hodi. Mama wa bibi harusi aliponisikiliza aliketi kwenye ngazi pale pale alipokuwa, mikono kichwani.

"Kaka, umenimaliza. Nitamwambia nini?"

Lakini chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha, na bibi kizee nyonga ndiyo iliyovunjika, si masikio.

"Nani huyo? Wa video?"

"Shikamoo, mama," nikasema nyuma ya pazia.

"Marahaba. Sema tena ulilomwambia mwanangu, usimung'unye."

Nikasema tena. Picha zipo, nzuri, kila mtu yupo. Sauti hakuna.

Kisha akasema, "Wamenisalimu?"

"Wamekusalimu, mama. Binti yangu alikuwepo. Kila mmoja."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Nami sikuitika." Nikamsikia anavuta pumzi. "Hao wakiniona wataniona jeuri. Wataniambia, tulikusalimu, bibi we, na umenyamaza. Wewe mzee, umenitia ujeuri nisiokuwa nao."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe baadaye, sasa nina hasira. Waitwe."

"Nani?"

"Wenzangu! Waitwe waje na pembe zao. Hizo picha mabubu ziletwe hapa, tutazitia sauti. Na mjukuu wangu asiende popote."

Walikuja alasiri, siku moja kabla ya safari. Mimi nilirudi dukani, mahali pangu. Binti yangu aliiweka laptopu miguuni pa kitanda, akasimamisha kamera na maikrofoni, na wale wakongwe wakajitazama wenyewe ukumbini huku wakiimba upya kufuatisha midomo yao. Nilisikia kupitia ukutani wakianza, wakikosea, wakicheka, mmoja akisema, "Mbona mdomo wangu uko mbele yangu?" na mwingine, "Siku zote uko mbele yako!" Kisha pembe zikaanza kugongwa barabara.

Na lori likapiga honi.

Nilitoka mbio, mbio za mzee, nikasimama kando ya barabara na mikono juu. Lililofuata likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa.

"Mzee, kuna msiba?"

"Kuna harusi! Usipige honi!"

"Harusi leo Jumatano?"

"Wewe pita tu, mwanangu, pita kimya!"

Akapita kimya, lakini utingo wake juu ya mawe alinipungia kama anayempungia kichaa. Nikakaa pale juani mpaka binti yangu alipotoka kunishika mkono. Jasho limenijaa, koo limekauka, na honi mbili nilishindwa kuzizuia. Zimo mpaka leo ndani ya harusi ile.

Akaweka diski juu ya kaunta. "Hii ya leo nayo ni ghafi," alisema. "Na pa kuiweka hapapo."

Nikafungua diski ya harusi za zamani, nikazichagua zote, nikafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Mama wa bibi harusi alikuja na leso ile ile, akaibana ukingo wa juu wa skrini. Safari hii, kabla hajaishusha, binti yangu aliinama mbele yangu akanionyesha kisanduku cha sauti. Nikakitia tiki mwenyewe. Kisha nikafungua droo nikatoa spika za masikioni, mbele yao wote wawili, nikazivaa.

Kimstari cha faili ya kwanza kikajaa. Nikabonyeza kucheza. Palikuwa na mkwaruzo wa kitanda, kikohozi, mtu anasema mto usogezwe. Halafu sauti ya bibi kizee, karibu sana, kana kwamba alikuwa ameishika maikrofoni.

"Kabla hatujaanza," alisema. "Salamu zenu zimefika, nyote, nimeitika. Na yule mzee wa video, najua ananisikia sasa. Akiifuta na hii, nitaamka hapa nimfuate kwa magongo."

Wakacheka wote chumbani, na nyuma ya kicheko pembe ya kwanza ikagongwa.

"Vipi, baba?" aliuliza binti yangu. "Sauti ipo?"

"Ipo," nikasema, nikairudisha mwanzo, nikasikiliza tena.