Msiba wa Noa

Miaka ya sabini, tukiwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa kule Busunzu, magoti ya mama mkwe wangu yaligoma. Na arusi ya binti yake wa mwisho ilikuwa Jumamosi. Mama asiposimama kucheza, upande wa pili watasema hakumtaka mkwe. Majina ya wote nayakumbuka, ila siyataji, wasije wajukuu zao wakanivamia.

Nikaenda Kibondo, kwa mwenye duka mmoja wa pwani. Akaniuzia chupa ya mafuta. "Haya ya noa, dada. Mpake, atacheza mpaka mumzuie."

Nikampaka goti la kulia, likalegea siku ileile. Mama mkwe akafurahi, akataka twende kushukuru kabla ya kupaka la kushoto. Nikampakia kwenye baiskeli, nikaikokota hadi dukani.

"Huyo noa ni mti gani?" akauliza.

Mke wa mwenye duka akacheka. "Mti? Ni kasa wa baharini, bibi, mkubwa kama kitanda. Mgongoni hana gamba, ngozi tupu. Huyu alinaswa na jarife, nyavu za papa, tumbo limejaa mayai. Wanakwisha sasa. Asiyenaswa anameza mifuko ya nailoni akidhani chakula, anakufa."

Mama mkwe akakaa sakafuni, pu! "Mawe we! Mzazi! Mmenipaka mzazi!"

Kwetu mzazi hupelekewa uji na kuni, hakamuliwi mafuta. Akaanza kumlilia noa kama tunavyolilia mtu, akitaja safari zake na watoto asiowaona. Aliyekuja kununua chumvi akakaa, akalia. Wa mafuta ya taa naye akakaa. Ukikuta msiba unalia kwanza, kuuliza baadaye. Duka likajaa.

"Jamani, nani kafa?" mwenye duka akapiga kelele.

"Si utuambie wewe, mfiwa," mzee mmoja akamjibu. "Pole sana, baba."

Mwingine alishaleta mtungi wa pombe ya ndizi, kwa Mwislamu wa watu! Mkewe kicheko kilimbana, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Wakazidi kumhurumia.

Mwenye duka akaapa hatauza tena mafuta yale, mradi tuondoke.

"Na goti la kushoto, mama?" nikamnong'oneza.

"Liache liume, mkamwana. Silipaki mzazi wa mtu."

Jumamosi akacheza kwa goti moja, mguu wa pili kaunyoosha kama mpini wa jembe, akizunguka palepale. Upande wa bwana arusi wakadhani ndiyo ngoma ya ukoo wetu. Kwa heshima wakanyoosha miguu wote, wakazunguka, na bwana arusi akaanguka wa kwanza.