Mashine Iliyokula Masikio ya Baba

Mzee wa Mashine aliwasagia watu unga tangu ujana wake mpaka akaota mvi, na mashine nayo, taratibu, ikamsaga masikio. Ilipofika siku ya kuiuza kama chuma chakavu, alikuwa hasikii hata akipigiwa honi kisogoni. Marehemu mkewe alikuwa akitania: "Nyumba hii haina siri. Nikimnong'oneza mume wangu, mtaa mzima unaitika."

Binti yao kitinda mimba, mtaa ulimpa jina la Kelele. Alitengeneza muziki peke yake kwa kompyuta, kwenye chumba kilichokuwa ghala la magunia, kuta kazifunika magodoro makuukuu ili sauti isivuje. Muziki wenyewe hauna gitaa wala mwimbaji. Ni milio ya bawaba, ya bomba la maji, ya pampu, ameikata vipande akaipanga upya mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Mtangazaji mmoja wa redio aliusikiliza nusu tu, akavua vipokea sauti.

"Dada, mwimbaji yuko wapi? Huu si wimbo, ni gereji."

Kelele alicheka, huku machozi yakimlengalenga. Tangu hapo akawa anaziweka kazi zake mtandaoni mwenyewe, bila kumpigia mtu magoti.

Baba yake hakuelewa. Alimwona tu akitikisa kichwa mbele ya skrini, akajisemea, huyu naye kazi anayo.

Jumamosi moja alasiri, Kelele aliwaalika majirani kwenye banda la mashine, ambalo sasa lilikuwa tupu. Spika za kuazima alizipanga palepale ilipofungwa mashine. Mzee akapewa kiti, akakaa kama mtu aliyeingia msibani asikomjua marehemu.

Kelele akamvua kandambili, akamsimamisha pekupeku kwenye saruji, akamwekea kiganja juu ya spika. "Subiri, Baba," alisema polepole, ili amsome midomo.

Mara sakafu ikaamka. Mtetemo ukampanda kwenye nyayo, ukapita magotini, ukamjaa kifuani. Na katikati ya mapigo, mara kwa mara, palikuwa na kigugumizi kidogo.

"Mkanda unateleza!" mzee alipaza sauti. "Hii ni mashine yangu!"

Kelele akaitikia kwa kichwa. Aliirekodi kabla haijauzwa.

Juu ya mngurumo ule ukaja mtetemo mwingine, mwembamba, wa haraka haraka, kisha mwingine mzito, ikifukuzana bila kugongana. Mzee akainua macho. Wanawake aliowasagia nafaka miaka nenda miaka rudi walikuwa wakicheza. Fundi baiskeli kafumba macho. Banda zima lilipanda na kushuka kwa pigo lilelile lililokuwa kiganjani mwake. Mngurumo huu alikuwa ameulaani kwa kumnyang'anya sauti za wanawe, wala hakuwahi kudhani ndani yake mlikuwa na kitu kikubwa namna hii.

"Nani kakufundisha?"

"Nimekulia humu, Baba. Nilikuwa nikilala mgongoni kwa Mama, mashine inanibembeleza."

Mzee akapiga magoti, akalaza shavu kwenye spika. Watu wakadhani kaanguka, wakamkimbilia.

"Niacheni," alisema. "Nasikiliza."

Kelele akaurudisha muziki mwanzo, akaongeza sauti.