Ua Lililokaa Mahali pa Nyamizi

Mara ngapi umekaa chini ya shajara ya ukoo wako, ule mti wa nasaba uliotundikwa ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, ukaliona lile ua la yasmini kwenye nafasi ya bibi yako, ukageuza macho? Usijibu. Hajar anakujua. Yeye ndiye aliyelichora.

Saa mbili asubuhi. Ametoka kwake Al Amerat akiendesha gari, na sasa yuko mbele ya kompyuta kwenye kiwanda cha uchapaji, Rusayl. Mteja aliyevaa kanzu iliyonyooka anamwinamia.

"Hapa kwa mama yake babu, tia ua."

"Jina hulijui, au unalijua?"

"Bi Hajar, we chapa tu. Maswali ya nini asubuhi yote hii?"

Kwa miaka kumi na tisa Hajar amepanga shajara za sisi tuliotoka Zanzibar na bara kuja huku Uarabuni. Wateja wake hutaka mama naye aandikwe, maadamu ni binti wa ukoo wa kutajika. Akiwa Mmanyema au Mzaramo, linakuja ua. Anakisia amechora mia tatu.

"Wananitajia jina, kisha wananambia nifute," anasema. "Yote nnayo kichwani."

Linalomchoma ni la kwao. Nyamizi, mama wa baba yake, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Ndiye aliyemsuka Hajar nywele utotoni. Mwaka 2009 kaka yake, Marhoon, alikuwa anamposea mtoto wake, akataka shajara safi ya kuwaonyesha wakwe. Tia ua, akasema. Hajar akatia.

Mwezi uliopita alipiga simu Shahad, binti wa Marhoon, muuguzi huko Minnesota, Marekani. Jimbo lile, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wadakota na Waojibwe, lilijazwa na Wajerumani, Waswidi na Wanorwe. Baadaye wakaja Wahmong na Wasomali waliokimbia vita. Shuleni kwa Rahila, binti wa Shahad, kila mtoto alibandika ukutani jina la bibi wa kale kabisa wa kwao. Wanorwe wakabandika lao, Wahmong lao. Rahila akabandika ua, alilolinakili kwenye picha ya shajara.

"Shangazi, mwalimu kamuuliza huyu nani. Kajibu, bibi yetu alikuwa ua. Darasa zima likacheka. Mwanangu peke yake hakucheka."

Hajar anainamisha kichwa. "Nlikosa pa kuuweka uso. Mkono ulofuta ni huu."

Amechapa shajara mpya. Marhoon kaiona.

"Ukiitundika hiyo, mie nyumba hii sikai!"

"Nenda. Lakini tumbo hilo liache, limejengwa kwa ubwabwa wa Nyamizi."

Ijumaa hii, ukoo ukikusanyika kwa chakula cha mchana, ataitundika sebuleni kwa Marhoon, akitaka kukaa akae, akitaka kuondoka aondoke. Kisha anataka kuzirudia zile shajara mia tatu zenye maua, bure, kwa yeyote atakayeleta jina.

Na jina unalo. Tulikumbuka kubeba karafuu na mapishi. Tukajidai kumsahau aliyetupikia. Inuka sasa hivi. Ishushe shajara, liandike lile jina juu ya ua kwa mkono wako, kisha mwite mwanao umsomee, kwa sauti.