Simu ya Mama Mukabalisa Ilionyesha 46

Kuna mutoto hapa Goma anaitwa jina langu, na ilibakia kidogo tu nimuue.

Musinitukane bado. Musome kwanza.

Mimi ni Modeste, fundi wa simu, mtaa wa Mabanga. Mwezi wa tano 2021, mama Mukabalisa wa mtaa wa Majengo aliniletea simu yake. Batri ilikuwa imevimba.

Nikamuwekea ingine. "Mama, hii ni mupya kabisa."

Uongo mutupu. Niliitoa ndani ya simu iliyokufa.

Jamani, simu haioni ndani ya batri. Inakisia. Inapima nguvu ya umeme, inahesabu unaoingia na unaotoka, kisha inafuata ile batri iliyoizoea. Hii ilikuwa imechoka, lakini simu iliendelea kuihesabia kama ile ya zamani. Nilijua. Nikanyamaza.

Wiki hiyohiyo volkano ikalipuka. Siku tano baadaye, asubuhi, serikali ikatangaza: tokeni!

Mji ukamwagika kwenye barabara ya Sake. Katika msongamano mama akapotezana na binti yake Munezero, mwenye mimba ya miezi minane.

Pale Lac Vert, kwenye barabara hiyo, papa mmoja alikuwa anachajia watu simu kwa batri ya pikipiki yake.

"Mama, leta yako."

"Hapana papa, saidia wengine. Yangu iko asilimia 46."

Saa sita Munezero akapiga. "Mama, tumbo inaniuma! Uko wapi?"

"Usitembee tena, mutoto wangu! Mimi niko..."

Simu ikazima.

Munezero alipita Lac Vert akimtafuta, bila kujua kwamba mama yuko palepale. Alijifungulia kando ya barabara, karibu na Sake, mikononi mwa wanawake asiowajua. Damu nyingi sana. Mama aliwapata siku mbili baadaye, wazima.

Waliporudi, mama akaja kwangu, mutoto mgongoni. Nikajua nimekwisha.

"Modeste, tulimuita jina lako. Bila wewe nisingesikia hata sauti ya binti yangu. Kosa ni langu, nilikataa kuchaji."

Ningeweza kunyamaza. Haki ya Mungu, nilitaka.

"Mama... batri haikuwa mupya. Ile 46 ilikuwa uongo. Nilikudanganya."

Mama akamfungua mutoto, akaniwekea mikononi.

"Basi umuambie yeye."

Mutoto alikuwa anasinzia. Yeye nitamuambia akikua; leo ninawaambia ninyi.

Mafundi wenzangu, simu ikikosea hesabu haina dhambi. Anayejua na kunyamaza ndiye mwenye dhambi.