Mama Ukoo na Sahani ya Mdogo Wake

Saa mbili asubuhi, fundi wa maabara ya hospitali anazunguka mbele ya kabati la joto. Anakaa. Anasimama. Anapangusa meza aliyokwisha kuipangusa mara mbili. "Leo kiti chenyewe kina miiba," anasema, akicheka kidogo.

Ndani ya kabati kuna sahani thelathini za plastiki, kila moja imepandwa bakteria wa mgonjwa wake. Ya ishirini na mbili ina usaha wa mdogo wake wa tumbo moja, aliyelazwa ghorofa ya juu. Leo ni siku ya sita tangu apasuliwe, na kidonda kinazidi kuvimba. Homa haishuki. Daktari wa wodi, anayetaka kujua ni dawa gani itafaa, ameshapiga simu mara tatu.

"Chungulia tu, mama!" anaomba.

"Sichungulii. Saa nne."

Jibu kavu, kisha anakata simu.

Juu ya bakteria hao, jana jioni, alipachika vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa ikiwaweza, huacha duara safi kuzunguka karatasi. Ikishindwa, bakteria huota mpaka ukingoni mwa karatasi. Ila lazima zipite saa kumi na nane.

Miaka tisa iliyopita alibembelezwa hivi hivi, akafungua baada ya saa kumi na mbili. Duara lilikuwa safi, akatoa jibu, na dereva mmoja wa lori, mwenye kidonda cha mguu, akaanzishiwa dawa hiyo.

"Asubuhi duara lilikuwa limejaa vitone vya bakteria walionusurika. Mimi nilishaenda zangu nyumbani," anasema. Dereva alikatwa mguu juu ya goti. "Namwota hadi leo. Na usiniambie nijisamehe."

Bakteria wale walikuwa na kimeng'enya, kitu wanachokitengeneza wenyewe, kinachoikatakata dawa kabla haijawadhuru. Aina zake ni nyingi ajabu. Fundi huyu alianza kazi miaka kumi na tisa iliyopita akiwa na aina nne kwenye daftari lake; kwa majina yanayorudi kutoka maabara kuu anakopeleka sampuli, sasa zimefika sitini na moja. Amezichora kama ukoo wenye babu, wajomba na mabinamu. Ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Ukoo.

"Babu alikuwa anakata dawa ya zamani tu," anaeleza. "Tukaleta mpya, akazaliwa mjukuu aliyebadilika kidogo tu, naye akaikata. Halafu hawana choyo hawa! Bakteria anampa mwenzake ufundi wa kutengeneza kimeng'enya hicho, hata asiye wa aina yake."

Saa nne kamili anafungua kabati. Anaiinamisha sahani ya ishirini na mbili chini ya taa. Dawa ya kwanza, ile anayodungwa mdogo wake, ina duara pana, lakini ndani kuna vitone.

"Wamo. Wamo, mashetani hawa!"

Ya pili, wameota. Ya tatu, wameota. Ya mwisho imeacha duara safi. Anaigeuza sahani mara nne, ndipo anapiga simu.

"Daktari, ya kwanza acheni sasa hivi. Mpeni hii ya mwisho."

Kisha anakaa sakafuni, analia.

Siku tatu baadaye homa imeshuka. Mdogo mtu ameegemea mto, bakuli la uji mkononi, utani umerudi.

"Dada, umekonda kuliko mimi niliyeumwa."

"Acha mzaha. Umewahi kumeza dawa za bakteria bila kumaliza?"

"Si vile vidonge vinne ulivyonipa mwenyewe, jino liliponiuma? Ulivitoa kwenye mkoba wako, ukasema vilibaki."

Ni kweli. Fundi alivibakiza koo lake lilipopona, akaona asivitupe.

Kama vidonge vinne vile ndivyo vilivyowazoesha bakteria wale dawa, hawezi kujua, wala hakuna kipimo cha kumwambia. Hilo ndilo linalomnyima raha, hata sasa mdogo wake anapona.

Jumapili ijayo amewaita ndugu wote nyumbani kwake, shangazi na mashemeji humo humo, kila mtu aje na vidonge vilivyobaki kwenye droo na mikoba ili avipeleke hospitali vikateketezwe. Wameshaanza kunung'unika: anajifanya msomi, anataka kuwasema.

"Waje tu," anasema, akivaa glavu. "Wa kwanza kusemwa ni mimi."